Barua ya Isidore, Mlinzi wa Kibwe

Barua ilikuwa na tarehe ya mwezi wa tatu, lakini Colette aliipata mwezi wa sita. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni mwa buro, ofisi ya hifadhi ya wanyama, hapo Likasi, kisha akaisoma tena. Ilisema kwamba mumewe Isidore, mlinzi wa kisiwa cha Kibwe kwa miaka ishirini na saba, amestaafu, na kwamba buro inamshukuru.

"Yeye anajua?" akauliza.

Karani Lambert akajikuna shingo. "Maman Colette, bwato iko, lakini mafuta haiko. Na radio yake inakufa tangu Pasaka. Tulikuwa tunangojea."

"Munangojea nini?"

Colette akaikunja barua. "Bon. Minye mwenyewe nitaipeleka."

Alikuwa fundi wa kushona, mwenye miaka hamsini na tisa, na miguu yake ilivimba kwa kukaa kwenye mashini. Kibwe hakuwahi kufika. Isidore ndiye aliyekuwa akija nyumbani kila baada ya miezi mitatu: analala, anakula sombe ya majani ya muhogo, anaziba paa, anaondoka. Safari hii miezi ilikuwa imefika saba.

Alipanda lori la makaa lililokuwa likirudi tupu upande wa Mwadingusha, akashuka mgongo ukiwa umekufa ganzi. Kesho yake asubuhi, mvuvi mmoja aitwaye Papy alimchukua katika mtumbwi wake wa mota. Ikawa saa nne nzima za maji na matete, na mashina ya miti iliyozama zamani bwawa lilipojengwa. Colette alishika ukingo kwa mikono miwili, akitamani tu kushuka.

Isidore alikuwa amesikia mota, akaja ufukweni. Ndevu zake zilikuwa nyeupe, na suruali aliifunga kwa kamba ya nyavu.

"Mama Guy?" akamwita kwa jina la mtoto wao. "Nani anakufa?"

"Hakuna muntu anakufa. Nakuletea barua."

Aliisoma polepole, midomo ikicheza. Halafu akakaa chini kwenye mchanga.

"Mwezi wa tatu," akasema.

"Ee. Tangu mwezi wa tatu kazi ilikwisha."

Isidore akamwonyesha kovu kwenye mkono wa kushoto, bado jekundu. Mwezi wa tano wawindaji walikuja watatu, wakawasha moto kwenye matete ili kuwafukuza nzohe, wale swala wanaoishi majini. Mlinzi mwenzake, Jimmy, alikuwa ameondoka akiwa mgonjwa tangu mwaka mpya, hivyo Isidore aliwaendea peke yake. Mmoja akampiga panga.

Colette alitazama kovu lile, hasira ikampanda. "Ungekufa! Ungekufa juu ya kazi haikukuwa tena ya kwako!"

"Nilikuwa najua namna gani?"

Papy akapaza sauti kutoka mtumbwini: upepo unaamka, anayeondoka aingie.

"Enda, mama Guy," Isidore akasema. "Minye nitangojea mwenye kunipokea."

"Hakuna mwenye kukuya."

"Kama naondoka leo, kesho moshi itapanda."

Colette akavua viatu. Nyayo zake zilikuwa zimevimba kama mikate. Akavipanga mbele ya kibanda cha mlinzi, akaketi kando ya mumewe. "Basi, tunangojea sisi wote wawili."

Papy akasema atapita tena Alhamisi, akaondoka.

Walikaa siku tano. Kila asubuhi Isidore alizunguka kisiwa na daftari lake, na Colette akamfuata nyuma akichechemea, kwa sababu kubaki peke yake na mbu kulikuwa kubaya zaidi. Siku ya tatu mumewe alimshika bega, akamwonyesha kwa kidevu. Colette aliona maji tu. Baadaye akaona pua, halafu masikio mawili: nzohe jike amezama mwili mzima, anawatazama.

"Njo ile ulikuwa unalinda?"

"Njo ile," akaitikia kwa kichwa.

Walisimama mpaka miguu ya Colette ikakataa. Jioni hiyo alimsikia Isidore akikohoa huku akipasua kuni, akipumzika baada ya kila pigo. Akamwambia bila ukali, "Baba Guy, unachoka."

"Nachoka," akakubali. Tangu waoane hakuwahi kulisema neno hilo.

Alhamisi hakufika mtu mwingine ila Papy. Isidore aliweka daftari mezani ndani ya plastiki, akauvuta mlango bila kuufunga, akachukua radio mbovu na kuingia mtumbwini. Hakugeuka. Kabla hawajafika katikati ya ziwa alikuwa amelala, kichwa kwenye paja la mkewe.

Buro ilimrudisha Jimmy kisiwani mwezi wa kumi tu. Kabla ya kwenda alipitia nyumbani kwa Isidore na Colette kuaga. Alikuwa amesikia kwa wavuvi kwamba moto ulipita upande wa mashariki mwezi wa nane. Nzohe wangapi wamebaki, hakuna aliyejua. Isidore akaomba karatasi, akaanza kumchorea njia: wapi maji ni ya kina, wapi majike huficha watoto, wawindaji hushukia wapi. Colette akaleta ugali wa bukari na samaki. Waliendelea hadi saa tisa alasiri, na ramani ilikuwa imefika nusu tu wakati kalamu ilipomtoka Isidore mkononi, akalala palepale kitini.

"Tumuamushe?" Jimmy akanong'ona.

"Acha," Colette akasema. "Kula kwanza. Ataendelea akiamuka."