Kadi za Kifudifudi

Tangu mume wake Musili azikwe kule Kalama, Mbula hakuwa ameshindwa kadi hata mara moja. Si kwamba alikuwa mjuzi. Alikuwa anakaa tu kwenye benchi nyuma ya soko la Machakos, katika kibanda cha Ndambuki fundi wa masanduku ya bati, anapokea kadi zake tano, anaweka mbaazi, anafunua, na wenzake watatu wanatikisa vichwa.

"Umetuweza tena, Mama Peris."

Halafu mmoja wao anainuka, anachukua mtungi wa plastiki na kushuka mteremko kwenda kuteka maji.

Mbula alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa kwenye veranda iliyopakana na kibanda hicho, na kwa miaka mingi alikuwa ameshona sare za shule na marinda ya kwaya, na kubadilisha zipu za watu wasiotaka kununua suruali mpya. Musili alikuwa mtu wa rangi. Ndambuki akimaliza kugonga sanduku, Musili aliandika juu yake jina la mwanafunzi, herufi nyeupe zilizolalia upande mmoja kana kwamba zinasikiliza kitu. Saa za jua kali, wateja wakipungua, wanaume walicheza kadi naye Mbula akasikia kelele zao akiwa anashona. Asubuhi moja Musili aliingia bafuni na taulo begani, hakutoka.

Mbula hakulia. Hakulia hospitalini, hakulia kwenye matanga, na mchanga ulipoanza kugonga jeneza alikuwa anatazama viatu vya mchungaji, ambavyo kimoja kilikuwa na kamba nyeusi na kingine kamba ya kahawia. Mashangazi walimkazia macho, wakanong'ona. Yeye mwenyewe alikuwa akijitazama hivyo hivyo, kama vile mtu anavyomtazama mteja aliyesimama mlangoni, haingii wala haondoki. Akinywa chai, alijua ni moto kwa sababu aliona mvuke.

Aliporudi mjini, Ndambuki alimwendea pale kwenye cherehani, kofia mkononi, akamsalimu kwa Kikamba.

"Mama Peris, nuvoo?"

"Nuvoo museo."

"Kiti kiko pale. Ukitaka, njoo ukae tu."

Mbula alienda kwa sababu hakuona sababu ya kutoenda. Kadi alizijua. Wakati wa kafyu ya korona, usiku hakuna pa kwenda, Musili alimfundisha mezani nyumbani, tena akamfundisha hata tabia za wachezaji wenyewe, jinsi kila mmoja alivyo.

Mchezo wao haukuwa ile poka ya vijana, ya kumaliza kadi mkononi na kupiga kelele "niko kadi!" Huu ulikuwa wa watu wazima. Unapewa kadi tano, unabadilisha zile usizozitaka mara moja, unaweka mbaazi, mwingine analipa sawa na zako, anaweka zaidi au anajitoa, na waliobaki hadi mwisho wanafunua. Mwenye jozi anampiga asiye na kitu, mwenye tatu za aina moja anampiga mwenye jozi, na kuendelea. Aliyeuleta alikuwa Laban, mwembamba, mwenye maneno mengi, ambaye zamani alikuwa mpishi wa kambi ya wajenzi wa barabara karibu na Athi River. Pesa hazikuingia. Ndambuki alikuwa mzee wa kanisa. Gedi, aliyekuwa akinunua mbuzi Matuu na kuwauza mjini, alisema kamari hataigusa hata akifungwa kamba. Laban naye alisema yeye anakataa pesa kwa sababu ya imani yake kwamba hana. Kwa hivyo walichezea mbaazi kavu, na yule ambaye zake zilikwisha kwanza ndiye aliyebeba maji ya chai, akaosha na vikombe.

Laban alikuwa ameuleta mchezo pamoja na heshima zake. Aliyesukuma mbaazi akalipwa ndiye anafunua kwanza. Anayefuata, akiona ameshindwa, halazimishwi kujianika. Anaweza kuonyesha, anaweza pia kulaza kadi zake kifudifudi, na hapo zinakuwa zimekufa. Hakuna wa kuzigusa. Kweli, aliyelipa mbaazi zake hadi mwisho ana haki ya kusema "naomba nione", lakini kwenye benchi ile haki hiyo ilikaa kama kisu cha mgeni, kipo na hakitolewi. Kuiomba ni kumwambia mwenzako usoni kwamba humwamini. Kitonga, fundi wa mataa ya gari, aliwahi kuomba, akaomba tena. Hakuna aliyemfukuza. Ni vile tu kila akija, watu walikuwa wamekaa kwa kujitanua, benchi limejaa.

Basi Mbula akawa anashinda. Binti yake Peris, aliyekuwa akishona nguo kwenye kiwanda huko Athi River, alipiga simu jioni.

"Mama, umeshindaje leo?"

"Nimeshinda kadi."

"Tena? Aiya! Kumbe wewe ni mkali hivyo na ulikuwa umenyamaza tu!"

Mbula aliishika simu mbali kidogo na sikio, akaitazama. Furaha ya mtoto ilikuwa inatoka humo ndani kama redio ya jirani.

Alianza kushuku pale alipojaribu kushindwa. Aliachilia kadi nzuri akabaki na takataka, akasukuma mbaazi nyingi mbele. Wakajitoa wote. Siku nyingine akasukuma akiwa hana hata jozi, ana kwini mmoja tu na vijikadi vya kujazia mkono. Gedi akalipa, akatazama kwini yule, akashusha pumzi.

"Wallahi, mama huyu ana bahati," akasema, akazilaza zake kifudifudi.

Kwini mmoja kumshinda Gedi. Mbula akazikusanya mbaazi. Laban akaenda kuteka maji huku akiimba.

Tangu hapo akawa anawatazama. Alikuwa hana la kufanya na macho yake, basi akayapa kazi. Kubeba maji yale ndicho alichokitaka. Hakujua kwa nini, na hakujisumbua kujua. Ila kila mtungi ulipopanda mteremko mgongoni mwa mtu mwingine, aliona wazi kwamba pale kwenye benchi wamekaa wachezaji watatu na mjane mmoja. Kama wanamkalisha kwa kuwa ni mjane tu, basi hata nyumbani kuna kiti.

Siku aliyoomba kuona ilikuwa ya joto, bati la kibanda linalia lenyewe. Mbula alipata jozi, nne mbili. Akabadilisha kadi tatu, hazikumsaidia. Akasukuma mbaazi zake zote katikati, hakubakisha hata moja.

"Ni kyau, mwaitu?" Laban akasema. "Kuna nini, mama? Unataka kutuua?" Akazitupa zake. "Mimi nimetoka."

Gedi alizitazama zake kwa muda, akakuna kidevu, akajitoa pia. Ndambuki akabaki. Ndambuki alikuwa na kikohozi cha rangi na moshi wa kulehemu, alikohoa mchana kutwa kama pikipiki inayokataa kuwaka. Musili alikuwa amemwambia Mbula usiku ule wa kafyu: huyo mzee akipata kadi za maana, anasahau kukohoa. Na sasa kibanda kilikuwa kimya. Mbula alisikia hata mbuzi wa Gedi, aliyefungwa kwenye nguzo, akitafuna katoni.

Ndambuki akalipa. "Funua, Mama Peris."

Mbula akafunua jozi yake ya nne.

Ndambuki akaitazama kama mtu anayesoma tangazo la kifo. "Haya. Umeniweza." Akalaza kadi zake kifudifudi, akaanza kukohoa.

"Ndambuki," Mbula akasema. "Naomba nione."

Kikohozi kikakatika. Gedi akageuka kumtazama mbuzi wake. Laban alicheka kidogo, kicheko cha kumwokoa mtu.

"Mama Peris anatania. Si unatania?"

"Nililipa mbaazi zangu zote. Niko na haki."

"Haki unayo," Laban akasema polepole, "lakini hapa hatufanyi hivyo. Wewe mwenyewe unajua. Kitonga..."

"Najua ya Kitonga."

Ndambuki alikuwa ameweka kiganja chake juu ya kadi, kiganja kikubwa chenye makovu ya bati. Uso wake ulikuwa umekasirika kweli, si kwa mchezo. "Miaka hii yote hakuna mtu ameniuliza hivyo kwa kibanda yangu," akasema. "Hata mume wako."

"Naomba nione," Mbula akarudia. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Angeweza kuwa anamuuliza mteja urefu wa mkono.

Mzee akatoa kiganja. Mbula akazigeuza moja moja, kama anavyogeuza kitambaa kutafuta upande wa nje. Kingi. Saba ya maua. Kingi. Mbili. Kingi.

Kisha Gedi, bila kuulizwa, akanyoosha mkono, akageuza na zake alizokuwa amezitupa. Zilikuwa na jozi mbili.

"Na wewe?" Mbula akamuuliza Laban.

"Mimi usiniangalie. Mimi kadi zangu ni mbaya hivyo hivyo. Geuza uone, ni aibu tupu. Mimi ndiye mtu mwaminifu hapa."

"Nyamaza, Laban," Gedi akasema. Akamgeukia Mbula. "Mama, hatukuwa na nia mbaya. Tulikaa siku ile ya matanga, tukasema, huyu mama asibebe maji. Basi. Mlima huu ni mbaya."

"Mlimwambia nani?"

"Tuliambiana sisi."

"Musili alikuwa anabeba."

"Musili!" Laban akaruka. "Musili alikuwa anabeba kuliko wote! Musili alikuwa mchezaji mbaya mpaka tunamhurumia."

"Mlimhurumia?"

Laban akaanza kuhesabu mbaazi zake.

"Namuuliza mzee," Mbula akasema. "Ndambuki, yeye pia mlikuwa mnamlazia kingi kifudifudi?"

Ndambuki alikuwa bado na hasira. Aliokota kadi zake, akazipanga kwa kugonga kingo zake kwenye goti. "Yeye? Hapana," akasema mwishowe. "Yeye tulimpiga. Siku zingine alibeba maji mara mbili, ya hapa na ya kuoshea bati. Tulimcheka mpaka akatutukana kwa Kikamba, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine yenye hatukuijua."

Mbula alitikisa kichwa. Akasukuma rundo lote la mbaazi upande wa Ndambuki.

"Hiyo ni yako," akasema.

"Hapana," Laban akadakia, "kadi ikishalazwa imekufa. Sheria ni sheria. Mbaazi ni zako, mwaitu."

"Kama imekufa mbona iko na kingi tatu?"

Mbula akainuka. Akautoa mtungi chini ya benchi, na kutoka kwenye msumari ukutani akatwaa ule mshipi wa ngozi ambao Wakamba huuita mukwa, unaopitishwa kwenye paji la uso mzigo ukiwa mgongoni. Laban alianza kunyanyuka amsaidie. Gedi akamshika shati.

"Kaa chini."

Mbula akashuka. Kwenye kioski cha maji palikuwa na foleni, wanawake na kijana mmoja wa mkokoteni. Hakuzungumza na mtu. Alijaza, akafunga, akapiga magoti, akapitisha mukwa kichwani, akasimama. Mara ya mwisho alikuwa amebeba hivyo akiwa msichana huko Kalama, na shingo ilikuwa imesahau. Katikati ya mteremko ikaanza kuuma. Kifuniko kilikuwa kimelegea, maji yakamtiririkia mgongoni, yakaingia ndani ya rinda mpaka kiunoni, na yalikuwa baridi. Akasimama. Yalikuwa baridi kweli, na alikuwa ameyajua hayo bila kuyatazama. Mwenye mkokoteni akampigia kelele, "Mama, songa!" Akasonga.

Alifika kibandani akihema, akautua mtungi sakafuni. Watatu wale walikuwa wamekaa vile vile. Inaonekana walikuwa wamegombana; Laban alikuwa amenuna, Gedi amekunja uso. Hakuna aliyesema pole. Laban ndiye aliyeinama kuchungulia ndani ya mtungi.

"Haya ni maji ama ni mate?" akauliza. "Umetuletea nusu! Nusu nyingine umekunywa?"

"Imemwagika."

"Imemwagika! Mnasikia? Sisi tunakaa na kiu hapa, yeye anamwagilia barabara."

Gedi alimkazia Laban macho, kisha yeye mwenyewe akalegea. "Vikombe pia viko pale, mama," akasema, akionyesha kwa kidevu. "Vimekungoja."

Mbula aliviosha, kimoja kimoja. Alipomaliza akarudi kwenye nafasi yake, rinda likiwa limemgandia mgongoni. Ndambuki hakusogea kumpisha, wala hakujitanua. Alikuwa akichanganya kadi bila kuinua macho, na ulipofika wakati wa kumgawia alizirusha, si kuziweka, hata moja ikaangukia mapajani mwake.

"Nimekasirika na wewe, nikuambie ukweli," akasema.

"Najua."

"Kitu kama ile hufanyiwi mtu kwa kibanda yake."

"Hata ile mmenifanyia hufanyiwi mtu."

Ndambuki akakohoa kwa muda mrefu. Mbula akaokota kadi zake, akazifungua kidogo karibu na kifua. Zilikuwa mbaya. Hakukuwa na jozi wala matumaini ya jozi.

"Weka mbaazi," Ndambuki akasema. "Na leo utarudi kwa ile mlima tena, ujue hivyo."

Alikuwa hana hata mbaazi moja. Gedi akamkopesha kiganja kimoja kutoka rundo lake, akamwambia asizoee, naye Mbula akaweka mbili katikati.