Nyasi za Mama Mwende

Siku niliyoripoti kazini Ikutha, nikiwa na shahada ya malisho na viatu vipya, Afisa wa Mifugo hakuniuliza nilisomea wapi. Alinisukumia gunia la mbegu za nyasi akaniambia nitie mkono. Nikautoa umejaa kitu chepesi kama makapi.

"Ukizirusha hivyo, upepo utampandia jirani," akasema. "Changanya na mchanga mkavu."

Nikamuuliza mchanga kiasi gani, na ni nani aliyepima. Tangu siku hiyo aliniita Bwana Kwa Nini.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii sasa. Mimi nimeiacha kabla ya mvi, kwa hivyo msitarajie hekima ya wazee.

Kazi yetu ilikuwa kuboresha malisho ya ng'ombe wa maziwa. Nyasi peke yake hushibisha, lakini maziwa yanataka protini, na hiyo hutoka kwa mimea ya jamii ya kunde, ambayo pia hurutubisha udongo kwa mizizi yake. Vitabu vyangu vilisifu klova. Mkubwa wangu alisema klova ni ya kwenye baridi; huku tulipanda siratro, mmea unaotambaa na kuvumilia jua, katikati ya mistari ya mbeetwa, nyasi ya kienyeji. Hilo nilikubali baada ya kubishana wiki nzima.

Lililonishinda ni majira. Yeye alitaka tungoje mvua za Oktoba. Mimi nilifundishwa kwamba mvua za Machi ndizo ndefu, kwa hivyo ndizo za kupandia. Nikamwambia anafuata mazoea tu. Hakunikataza.

Mama Mwende alikuwa na ng'ombe mmoja wa gredi, chotara wa maziwa, na maziwa yake ndiyo yaliyotiwa kwenye uji wa wajukuu wake watatu. Alikuwa pia na kipande cha mbeetwa ya zamani. Nilimshauri akilime chote. Majirani wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kwa zamu, wakaja na majembe.

"Daktari," akaniambia, kama walivyotuita maafisa wote wa mifugo, "tukilima nusu kwanza, si nusu ingine ingoje?"

Nikamweleza jinsi nyasi za zamani zinavyosonga miche. Yeye aliuliza ng'ombe atakula nini. Mimi nilijibu habari za miche. Akalima, ila akaacha ukanda mwembamba kando ya ua. Kwenye ripoti niliandika kwamba mkulima huyu ni mbishi.

Mvua ikanyesha wiki mbili. Miche ikaota vizuri, nikaipiga picha. Kisha mvua ikakatika. Kufikia Juni kipande kile kilikuwa kigumu kama sakafu, na ng'ombe mbavu zikihesabika. Siku moja ya soko Mama Mwende alimswaga hadi Ikutha, akarudi na kamba mkononi.

Nilimwendea mkubwa wangu nikiwa na hasira, nikamuuliza kwa nini hakunizuia.

"Ulikuwa unauliza kila kitu, Bwana Kwa Nini. Nikadhani utamuuliza na yeye."

Baadaye nilihamishiwa mji wa Sultan Hamud, kisha nikaandika barua ya kuacha kazi. Kabla ya kuondoka nilirudi kumwona Mama Mwende. Oktoba iliyofuata ule ukame alikuwa amekusanya mbegu kwenye ule ukanda wa kando ya ua, akazichanganya na mchanga mkavu, akapanda, na siratro yangu akaitia katikati. Nyasi zilinifika magotini. Sijaona malisho mazuri kuliko yale.

Nikamuuliza, kwa mara ya kwanza, alijuaje kwamba mvua ya kuamini ni ya Oktoba.

"Hapa kila mtu anajua, daktari," akasema, akinisogezea kiti.

Majirani ndio wanaokuja kuzikata nyasi zile, wawapelekee ng'ombe wao. Ile kamba ya ng'ombe ameifunga kati ya miti miwili uani, anaanikia nguo.