Nyumba ya Saba kwenye Mfereji

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka vizuri hata sasa ambapo miwani naitafuta huku nimeivaa. Ilikuwa mchana, ukungu umeshuka Malindi, hii yetu ya Usambara, mpaka mti ulio mbele yako huuoni, nami nakimbia kupanda mlima na viatu vyangu vya shuleni, nikimwita baba yangu. Kosa lililompeleka huko lilikuwa langu. Sijawahi kukusimulia, maana mwalimu hapendi kujulikana kwamba naye aliwahi kuwa mjinga. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, na kwa hayo uliyonifanyia jana kliniki Lushoto, sina budi kusema.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwaka wangu wa pili wa kufundisha, na nilikuwa mkali. Mtoto akinakili kwa mwenzake, nilimchapa na kumsimamisha mbele ya darasa. Muulize mjomba wako mdogo, analalamika mpaka leo.

Babu yako ndiye aliyekuwa akishika mfereji. Nyumba kumi na nane zilimwagilia viazi na kabichi kwa maji yale, kila nyumba na zamu yake, na zamu zote zilikuwa kichwani mwake. Hakuandika popote. Watu wakigombana nani anafuata, walimwendea, naye akizitaja nyumba moja moja kutoka chini kwenda juu, na ugomvi uliishia hapo. Kisha akapatwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikalegea, maneno yakawa yanamkwama, na zamu zikamchanganyikia.

Palikuwa na muuguzi kwenye zahanati yetu, Sista Halima, aliyekuwa amesomea kuwasaidia wagonjwa wa namna hiyo. Nyinyi siku hizi mna jina refu, tiba ya mazoezi ya ubongo, na vishkwambi vyenye picha za kubonyeza. Yeye alikuwa na daftari la mistari.

“Mwalimu,” aliniambia, “dawa za presha asiache hata siku moja, na atembee. Kwa upande wa kichwa, tutumie kazi aliyoizoea. Kila jioni azitaje nyumba za mfereji, zote, na aeleze njia ya kwenda banioni. Akikumbuka mwenyewe, weka alama ya vema. Akishindwa, weka alama ya kosa. Usimtajie. Mngoje.”

Banio ni pale juu, maji ya mto yanapoingizwa mferejini. Nikaona ni kazi ndogo. Nani hawezi kungoja?

Mwanangu, kumngoja mzazi wako ashindwe mbele ya macho yako si kazi ndogo. Sisi tulilelewa kwamba mzee anapewa shikamoo, haulizwi maswali ya darasani. Jioni ya kwanza alitaja nyumba sita bila shida, akafika ya saba akasimama. Akafungua mdomo, akaufunga. Jasho likamtoka. Bibi yako akainuka, akaenda jikoni ili asione. Mimi nikashindwa kuvumilia, nikanong’ona, “Kwa Mama Rehema, Tate.” Hivyo ndivyo tulivyomwita baba, kwa Kishambaa. Akarudia, “Kwa Mama Rehema,” akaendelea. Nikaweka vema.

Kesho yake nikanong’ona tena, na kesho kutwa. Daftari likajaa vema tupu, na mimi nikajiona mtoto mwema kuliko wote Usambara. Kumbe nilikuwa nanakilisha mtihani, mimi niliyekuwa nikiwachapa watoto wa wenzangu.

Sista Halima akaja nyumbani kumpima. Akasema wazi, “Mzee, ukizitaja zote na kunieleza njia, nitakuruhusu kwenda banioni peke yako. Ukikwama, utakwenda na mtu mpaka upone zaidi.” Babu yako aliitaka ruhusa ile kwa moyo wote. Kikao cha mfereji kilikuwa kinakaribia, na watu walikuwa wameanza kusema achaguliwe mwingine. Mimi nilikaa nyuma ya Sista. Baba alipofika nyumba ya saba na kukwama, akanitazama. Nikachezesha midomo bila sauti: Mama Rehema. Akaisoma midomo yangu, akataja, akamaliza zote kumi na nane. Njia nayo akaieleza kwa nyumba zile zile, moja baada ya nyingine.

Sista akafurahi, akampa mkono. Ningeweza kusema pale pale, nikanyamaza, kwa sababu baba yangu alikuwa anacheka kwa mara ya kwanza tangu augue.

Siku ya tatu nilirudi kutoka shule saa nane mchana, jembe lake halipo mlangoni.

“Amekwenda banioni,” mama akasema. “Si Sista alimruhusu?”

Sikuingia hata ndani. Mvua ilikuwa imenyesha upande wa Shume, na ukungu ulikuwa mzito. Njia ya banioni inapita kwenye nyumba za mfereji, nami nikawa nauliza kila mlango: mmemwona mzee? Amepita. Amepita. Nyumba ya sita wakaniambia amepita muda mrefu, kawasalimia vizuri, kawataja kwa majina. Nikapanda hadi kwa Mama Rehema.

“Baba yako?” akashangaa. “Hapa hajafika.”

Kati ya nyumba ya sita na ya saba njia inagawanyika. Kushoto unapanda kwa Mama Rehema, kulia unateremka korongoni. Nyumba isipoonekana kwa ukungu, inabidi uwe unaijua kichwani. Na hiyo ndiyo nyumba ambayo baba yangu hakuwahi kuitaja mwenyewe hata jioni moja.

Niliteremka kulia nikianguka na kuinuka. Nikamwona. Alikuwa amesimama juu ya jiwe lililolowa, ukingoni kabisa, mkono wa kushoto umeng’ang’ania mzizi, mguu wa kulia unatetemeka. Jembe lilikuwa limekwisha kwenda na maji. Chini yake korongo lilikuwa linanguruma.

“Tate, usisogee.”

Nikavua kitenge nilichojitanda mabegani, nikamzungushia kiunoni, ncha nyingine nikaifunga kwenye mti, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kumvuta peke yangu nisingeweza, tungekwenda wote. Ikabidi kungoja. Nilikuwa nimemshika kwa mikono miwili, nasali kila sala niliyofundishwa kanisani, na yeye akaniuliza kwa utulivu, “Nyumba ya saba ni ya nani?”

“Ya Mama Rehema, Tate.”

“Mimi nilidhani naijua,” akasema.

Nimesemwa na watu wengi maishani, mwanangu, na wengine nimewajibu. Neno lile ninalisikia mpaka leo.

Wanaume wa nyumba ya sita walifika na kamba, wakamtoa. Asubuhi nilikwenda mwenyewe kumwita Sista Halima, nikampa daftari mbele ya wazazi wangu na kumweleza yote. Alilifunua ukurasa kwa ukurasa.

“Mwalimu, mwanafunzi akinakili, wewe unamfanya nini?”

“Namchapa, Sista.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu hatajua.”

“Basi,” akasema, na hakuongeza ukali. “Ubongo ulioumia hutafuta njia nyingine ya kupita, lakini mpaka upite wenyewe. Sikuahidi kwamba mzee atarudi kama zamani, hilo anajua Mungu. Nilimwachia nafasi ya kujaribu, na wewe ukamnyang’anya.”

Nililia. Babu yako akaninyooshea ule mkono wake mzima. Maneno yalimtoka moja moja: “Mwanangu, niache nikosee.”

Tukaanza upya kwenye ukurasa mweupe. Jioni ile alipofika nyumba ya saba, niliuma pindo la kanga ili mdomo usinitoroke. Chai ikapoa. Kuku wakaingia bandani. Hatimaye akasema, “Rehema… mama yake Rehema,” na mama akapiga kigelegele huko jikoni, maana alikuwa anasikiliza. Siku nyingine alishindwa, nami nikaweka kosa naye anaona. “Weka, Mwalimu,” alikuwa akinitania, “usinionee huruma.”

Kikao cha mfereji kilipofika, alisimama na fimbo yake akataja nyumba kumi na sita. Mbili zikamkataa. Akawaambia watu wote, “Hizo mbili sizijui. Mchagueni mwingine ashike mfereji, mimi nitafuatana naye.” Na akafuatana naye miaka mingi, hawi peke yake, hadharauliwi na mtu. Sikuwahi kumheshimu kama siku ile.

Sasa zamu imenifikia mimi. Jana yule mtaalamu aliniuliza, “Mwalimu, leo ni siku gani?” Ukajibu wewe: Alhamisi. Kwenye kishkwambi nilikuwa natafuta picha ya pili ya kikapu, kidole chako kikanitangulia. Najua ulinionea aibu kwa watu, na ninajua ni mapenzi, kwa sababu hata mimi nilipenda hivyo hivyo. Lakini, mwanangu, nilikuwa nimekaribia. Ilikuwa inakuja.

Nasaha yangu ni hii. Anayepoteza kumbukumbu usimsemee. Hakikisha anameza dawa, tembea naye, mkalishe na watu wa kuongea nao. Muulize, kisha nyamaza, hata kama kunyamaza kunakuuma. Akikosea, mwambie amekosea, kwa upole, ili ajue alipofika na wewe ujue pa kumshikia. Usimdanganye daktari kwa kumfurahisha mzazi. Mazoezi hayazuii uzee, na huenda siku moja hata jina lako likanikwama. Siku hiyo pia, nipe muda kwanza.

Mungu akupe ulimi mzito na subira ndefu. Akujalie nawe uzeeke milima hii hii, na akupe mtoto atakayekuuliza leo ni siku gani, akakaa kimya, akakungoja mpaka mwisho.