Lugha Tatu za Somoe na Vidonge vya Armando

"Um," anasema Somoe Shabani, akisukuma kitambaa cha deki chini ya kitanda cha kwanza. Anakikamua, anasogeza ndoo. "Deux," anasema chini ya kitanda cha pili. Kwenye cha tatu anatamka "san", kisha anasimama ghafla, mkono kiunoni, kama mtu aliyefika sokoni akasahau alichotumwa.

Kireno, Kifaransa, Kichina. Amehesabu vitanda vitatu kwa lugha tatu, wala hakukusudia.

Mzee wa kitanda cha nne, mkazi wa Likombe aliyeanguka mnazi akavunjika mguu, anacheka mpaka maumivu yanamkumbusha alipo. "Hiki changu nihesabie Kimakonde, mwanangu," anasema. "Mbona unanibagua?"

Tuko katika kituo kimoja cha afya nje kidogo ya mji wa Mtwara, mwaka huu wa 1974. Wodi ya wanaume ina vitanda kumi na vinane na wauguzi wawili kwa zamu. Somoe, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, si muuguzi. Ni mhudumu wa kima cha chini: anapiga deki, anafua mashuka, anamwaga vya kumwagwa. Lakini tangu mwezi uliopita watu wamempachika jina jipya. Wanamwita Mkalimani.

"Wakiniita hivyo nageuka nyuma kumtafuta anayeitwa," anasema. "Sijazoea. Na kusema kweli, naliogopa."

Chanzo cha yote ni shule ya sekondari aliyosoma. Mkuu wa shule alikuwa mtu wa moto. Aliamini kwamba taifa lenye marafiki haliwezi kukaa nao likiwatumbulia macho, lazima liseme nao. Ng'ambo ya Ruvuma ndugu zetu walikuwa vitani na Mreno, basi akamtafuta mwalimu wa Kireno, mkimbizi aliyeitwa Paulo. Madaktari wa Kichina walikuwa karibu, akawaomba wafike Jumamosi. Kifaransa akakipata Mikindani, nyuma ya mizani ya duka, kwa Mama Aminabai, aliyezaliwa Majunga, kisiwani Bukini kulikotawaliwa na Mfaransa, akaolewa huku. Mama huyo alifundisha bila malipo, kwa mapenzi tu.

"Tunatoka shamba la shule, la muhogo, majembe begani, mikono ina malengelenge," anakumbuka Somoe. "Tunanawa, tunaingia Kifaransa. Kikiisha, Kireno. Sasa kichwa gani kitabeba?"

Mama Aminabai anamkumbuka vizuri. Ukimtajia jina lake anaweka chini kibaba cha mchele na kucheka kwanza. "Alikuwa na bidii, masikini. Lakini kila siku ananiletea Kireno amekivika gauni la Kifaransa. Kuna neno moja, 'mais', linaandikwa sawasawa huku na huku. Kwangu ni 'lakini', kwa Paulo ni 'zaidi'. Mtoto anaandika anataka 'lakini ya wali'. Nimpe maksi gani?"

Kichina ndicho kilimmaliza. Siku ya kwanza alisimama kujitambulisha. Alipoulizwa jina akajibu kwa sauti, "Ni Somoe." Daktari akatikisa kichwa, akajigusa kifua kwamba hapana, yeye siye Somoe. Kwa Kichina "ni" maana yake wewe. Walibishana hivyo, kwa adabu kubwa, mpaka kengele ikalia.

Baba yake, aliyehamia na jamaa zake kijiji cha ujamaa mwaka huu, mikorosho akaiacha kule alikoizoea, hakupata kuziafiki hizo lugha. "Nilimwambia, njia mbili zilimshinda fisi," anasema Mzee Shabani. "Wewe umeshika tatu. Utapasuka, mwanangu."

Hakupasuka, ila mtihani wa kidato cha nne ulimtupa nje. Hizo lugha tatu hazikuwamo hata kwenye karatasi. Kilichokuwamo ni hesabu, nayo hesabu na Somoe hawapatani. Akarudi nyumbani na maneno ya mataifa matatu, akapewa ndoo na kitambaa.

Ndipo akaja Armando.

Wagonjwa kutoka ng'ambo si wageni kwenye kituo hiki. Wengi ni Wamakonde, na mto hauwezi kutenganisha lugha. Lakini Armando ni kijana wa kusini kabisa ya Msumbiji. Hajui Kimakonde, na Kiswahili ndiyo kwanza alikuwa anakisikia. Alifika amebebwa na wapigania uhuru wenzake, ana homa, kifua kinakoroma. Wenzake wakarudi kambini, yeye akabaki na Kireno chake.

Sista Asha, mkuu wa wodi, ndiye aliyempa vidonge. "Nikamwekea mkononi, nikamwambia, meza," anasimulia. "Akavipanga juu ya meza ndogo ya kando ya kitanda. Nikasema labda atameza baadaye. Jioni narudi, vipo. Namwambia tena, meza! Naye anaigonga ile meza kwa kidole, anatabasamu, ananijibu, 'Mesa!' Nikajua huyu ananidhihaki."

Siku ya tatu uvumilivu ulimwishia. Akamwambia kwa ukali, "Kama hutaki, basi!" Armando akaitikia kwa heshima, akapanda kitandani, akajifunika gubigubi.

Kifua kilizidi kukoroma. Kwenye sakafu, mikekani, walilala wagonjwa wengine wakingoja kitanda. Sista Asha akakata shauri: mtu anayekataa dawa arudishwe kwa wenzake, gari lije limchukue mchana ule ule. "Msinione katili," anasema sasa, akiyatazama mapindo ya gauni lake jeupe. "Nilikuwa na kitanda kimoja na watu watatu wa kukilalia."

Akakumbuka kwamba msichana wa deki aliwahi kusoma Kireno. Akamwita, angalau amweleze kijana kwamba anaondoka.

Somoe alisimama mbele ya kitanda, mikono bado ina sabuni. Akafungua kinywa kuuliza kwa nini anakataa dawa. Kikatoka Kifaransa. Akaomba radhi, nayo radhi ikatoka kwa Kichina. Armando akamkodolea macho mekundu ya homa.

"Nilitamani sakafu inimeze," anasema. "Miaka yote ile nilisoma, na siku mtu anakata roho mbele yangu, maneno yananikimbia kama kuku."

Kisha Armando akasema. Alisema haraka, pumzi zinamkatika, na katika maneno yote yale Somoe aliambulia mawili: bibi, na mesa.

"Anasemaje?" akauliza Sista Asha.

"Anasema meza, Sista."

"Si ndiyo ninayomwambia siku zote!"

Mgonjwa anasema meza, sista anasema meza, mkalimani anasema meza, na vidonge viko pale pale. Somoe anakiri kwamba kwa muda ule hakuelewa kitu. Alilishika neno lile, akaligeuza huku na huku, lisimpe mlango.

Kilichomfungua ni kumbukumbu ya Mwalimu Paulo akiipiga kofi meza ya darasani, somo la kwanza kabisa, na wanafunzi wakicheka kwamba hili mbona tunalijua, Mreno ametuachia meza yake. Kwao inaandikwa kwa "s", lakini ukiitamka ni meza ile ile. Meza ya kulia chakula. Kumeza hakumo.

"Nikamgeukia Sista," anasema. "Mtu huyu hakukataa dawa hata mara moja. Ameambiwa aweke mezani, akaweka. Anashangaa mbona anagombezwa."

Hata ile "kama" ya Sista Asha iliingia sikio lake kwa njia yake. Kwa Kireno "cama" ni kitanda. Alidhani anaamriwa kulala, akalala.

Neno la Kireno la kumeza Somoe hakulipata, hata leo anasema liko kwenye ncha ya ulimi. Akachukua kipande cha muhogo wa kuchemsha kwa mzee wa kitanda cha nne, akakitia kinywani, akakimeza mbele ya Armando huku akijionyesha koo. "Meza," akasema. Kisha akaigonga ile meza ndogo, akatikisa kichwa kwamba siyo hii.

Armando akatazama vidonge, akatazama meza, akajifunika uso kwa viganja viwili. Alipovitoa alikuwa analia. Akameza, akanywa na maji yote ya kikombe.

"Nilikaa hapo hapo kitandani kwake," anasema Sista Asha. "Nikasema, Ya Rabi!" Gari lilipofika lilirudi tupu.

Leo Armando anaota jua barazani, amenenepa kidogo, na wiki ijayo anarudi kwa wenzake. Anaonyesha kila kitu kwa kidole na kuuliza jina lake. Mtu angedhani Somoe anatembea kifua mbele. Hatembei.

"Nimevurugika kuliko zamani," anasema. "Sasa kila neno nalitilia shaka. Mgonjwa akiniambia ndiyo, najiuliza amesikia nini. Na watu hawanielewi. Juzi wameniletea baharia kutoka bandarini, anasema lugha ambayo hata jina lake silijui. Nikawaambia hii siijui. Wakasema, jaribu tu! Ipo siku nitajaribu na mtu atakufa kwa mdomo wangu."

Sista Asha amelipeleka jina lake kwenye mafunzo ya uuguzi yatakayoanza Januari. Usaili ni mwezi ujao, na wenzake wa wodini wamekwisha kumpangia majibu: atajwe Mreno, atajwe Mfaransa, Mchina asisahauliwe, wasaili watachanganyikiwa wenyewe.

Somoe anawasikiliza, anakamua kitambaa chake.

"Wakiniuliza najua lugha gani, nitawaambia Kiswahili," anasema. "Na wakiuliza kama nakijua sawasawa, nitasema bado najifunza."