Kipande cha Taya Nilichokiacha Dodoma

Sogea karibu unisikilize, hasa wewe unayejishika shavu kila ukijitazama kwenye kioo. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza hapa Gulwe. Nilikwenda Dodoma kwa sababu ya uvimbe kwenye taya la chini. Haukuuma, na hapo ndipo nilipokosea: niliufunika kwa mtandio miaka mitatu, hata majirani wakadhani nimezidisha dini. Meno mawili yalipolegea, nikafunga safari.

Alfajiri bodaboda ilinifikisha Mpwapwa, nikapanda basi. Mchana nilikuwa Chang'ombe ya Dodoma, nyumbani kwa shangazi yangu.

Kesho yake, hospitalini, nilipigwa eksirei, kikakatwa kipande kidogo cha nyama kupelekwa maabara. Baada ya wiki mbili majibu yalitoka. Daktari, binti wa umri wa mdogo wangu, alinigeuzia picha nione.

"Shikamoo, mwalimu. Si saratani. Ila usikae nao, unakula mfupa taratibu."

Akanieleza njia mbili. Ya kwanza ni kuukwangua na kuliacha taya zima. Jeraha ni dogo, lakini mabaki yakijificha mfupani uvimbe hurudi, na kwa aina yangu hurudi mara nyingi. Ya pili ni kukata sehemu ya taya, pamoja na ukingo wa mfupa wenye afya, na kuunganisha kwa bamba la chuma. Hapo uwezekano wa kurudi hupungua sana, ila mdomo wa chini ungeweza kubaki na ganzi.

Wanafunzi wangu hujifunza herufi kwa kunitazama mdomo. Nikamuuliza, "Nitaweza kutamka ba, be, bi?"

"Utaweza. Utajifunza upya, kama wao."

Jioni shangazi aligoma. "Wakukwangue tu. Ukikatwa taya, nani atakutazama?"

"Tangu lini natazamwa, shangazi? Nataka kukatwa mara moja, yaishe."

Alicheka, akaanza kunipangia nguo za wodini.

Siku za kwanza baada ya upasuaji nililishwa uji kwa mpira wa puani. Uso ulivimba kama boga. Mpira ulipotolewa, shangazi alileta mlenda. "Huu hauna haja ya meno," alisema. "Meza."

Mwezi wa pili baada ya kukatwa nilirudi Gulwe, na likizo ya ugonjwa ilipokwisha nikasimama ubaoni. "Ba" ya kwanza ilitoka upepo mtupu. Darasa zima likanirekebisha: "Funga mdomo kwanza, mwalimu." Nikaufunga kwa kidole. Ikatoka.

Mwaka umepita, picha ya juzi ni safi. Bado nitarudi kupigwa picha miaka mingi, kwa sababu uvimbe huu ukirudi haubishi hodi. Nilichojifunza ni kwamba kutouma si kupona. Nawe ukigusa taya ukakuta uvimbe, au jino linalegea bila sababu, nenda hospitali wiki hii, uombe kupigwa picha ya taya.