Agnesi Tuliyemwombea

Kahawa iliyomenywa na kulowekwa usiku kucha hutoa harufu ya uchachu inayokaa kooni. Wengine huziba pua. Mimi nikiisikia, hata leo nikiwa mama wa watoto watatu, nasimama kidogo, kwa sababu ndiyo harufu ya uongo wangu mkubwa.

Nilikuwa kidato cha pili, likizo ya Juni, kwa bibi yangu upande wa Litembo. Kutwa tulisimama kwenye vichanja tukichambua kahawa, na mikono ikishazoea kazi, masikio hubaki na njaa. Nilikuwa na riwaya ya vijana niliyoazima bwenini, imepita mikono mingi hadi kurasa za mwisho zimechanika. Bibi hakujua kusoma, lakini msimamo alikuwa nao: kitabu kisichomtaja Mungu ni cha kuwashia moto. Na kile hakikumtaja hata mara moja. Basi nikamwambia ni habari za kweli, za binti Mkristo aliye hai, anayeishi kule ziwani.

Msichana wa kitabuni aliitwa Tabu.

"Na jina la ubatizo?" Bibi aliuliza.

Nikambatiza papo hapo: Agnesi. Mama wa kambo alimsingizia wizi, akamfukuza mvua ikinyesha. Nilimsomea siku nne. Nilipofika palipochanika sikuthubutu kusema. Nikaikodolea macho karatasi ya jalada, nikatunga: Agnesi akarudi, akamkuta mama yule mgonjwa, akamwosha miguu, akabaki kumuuguza. Bibi aliacha kuchambua, machozi yakamtoka. Nami, Mungu anisamehe, nilijiona fundi.

Jumamosi, kwenye sala ya jumuiya, watu walipotoa nia zao, Bibi alisema, "Tumwombee Agnesi wa ziwani, na mama wa kambo anayemuuguza." Tukaomba. Watu wa jumuiya yetu hawakuwa wa kuomba tu. Wiki iliyofuata kila nyumba ilileta kitu: mahindi, maharage, mche wa sabuni. Mfuko ukajaa.

"Utatuonyesha kwake, mwanangu?" katekista aliniuliza.

Wengine mahindi yale walikuwa wameyatoa katika akiba ya mwisho. Tulipofika nyumbani nikapiga magoti.

"Bibi, Agnesi hayupo. Ni hadithi tu."

Nilingojea fimbo. Badala yake akauliza kwa sauti ndogo, "Hata kule kurudi? Kumeandikwa, au hakukuandikwa?"

Nikamtazama usoni. "Kumeandikwa, Bibi."

Jumamosi nyingine akasimama mbele ya wote. "Agnesi hayupo. Mjukuu wangu alinisomea hadithi, nami nikawaletea kama habari." Watu wakaguna, mmoja akacheka. Bibi hakukaa. "Lakini mama wa kambo yupo. Ni mimi."

Ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza jina la Kristina, binti wa marehemu mke wa kwanza wa babu. Bibi alimfukuza akiwa na umri kama wangu. Aliolewa Liuli, kule ziwani, hakukanyaga tena kwetu.

Katekista alisema chakula kilichokwisha kuombewa hakirudi majumbani. Bibi akaupeleka mfuko ule ziwani mwenyewe. Alirudi kesho yake. Kristina alikuwa ameupokea akiwa amesimama mlangoni, hakumkaribisha ndani.

Baada ya mavuno mfuko uleule ukarudi na dereva wa basi, una usipa, dagaa mkavu wa ziwani, bila salamu. Bibi aliupika usipa ule kidogo kidogo, akiubania kama dawa.

Msimu uliofuata Bibi aliugua, hakuamka tena kwenda shamba. Asubuhi moja aliingia mwanamke mnene nisiyemjua. Sikumsikia akisema amesamehe. Alisema, "Shikamoo, mama," kisha akaniuliza beseni liko wapi.

Miaka mingi baadaye nilipata nakala nzima ya riwaya ile. Tabu harudi. Mwandishi anamwacha stendi, begi mapajani. Niliumia sana, nikaona nilimdanganya mtu aliyekuwa anakaribia kaburi. Nikajiuliza, mtoto wa miaka kumi na mitano niliutoa wapi ule mwisho?

Nikakumbuka sala zetu za jioni. Bibi ndiye aliyeongoza Baba Yetu, mimi nikifuatisha. Kila alipofika kwenye kusamehewa makosa, sauti yake ilikatika, nami niliimalizia sentensi ile peke yangu, kila siku, likizo baada ya likizo. Nilidhani ni usingizi.