Tone la Buluu Kwenye Njia ya Beni

Mfanyabiashara wa Butembo hatangazi safari yake. Ukimuuliza atashuka Beni lini, atakuambia labda juma lijalo, Mungu akipenda, na hapo tangi limeshajazwa mafuta. Si uchoyo. Njia ile ina masikio, na sisi tumezika watu wa kutosha kujua kwamba siku ya safari haitajwi sokoni. Mimi nauza mabati na misumari, nina depo ya pili Beni, katika komini ya Ruwenzori, na kwa miaka mingi hata mke wangu alijua ninasafiri pale tu aliponiona natafuta viatu.

Ndiyo maana bado najicheka nikikumbuka kwamba ni mimi mwenyewe niliyetia sahihi ya kumlipa mtu nisiyemjua, kila mwezi, ili ajue gari langu liko wapi, linakwenda kasi gani na limezimwa mlangoni pa nani.

Gari lenyewe lilikuwa limekwisha kutumika huko lilikotoka. Nililitoa mpakani, Kasindi, baada ya kubishana na watu wa forodha mpaka sauti ikanikauka. Lilipofika Butembo, watu wakaanza kuniambia kwamba gari la namna ile haliachwi hivihivi, linahitaji ulinzi wa kisasa. Nikaenda kwenye bureau ya kampuni moja ya ulinzi mjini, nikapokewa na muuzaji aliyevaa tai. Alinionyesha kiboksi kidogo cha kufichwa chini ya usukani, kitufe chekundu cha kubandikwa karibu na taa ya juu, na programu ya kuwekwa kwenye simu, ambamo gari lingeonekana kama tone la buluu likitembea kwenye ramani.

"Ukipata shida, Papa, unafinya tu hii bouton," aliniambia. "Batu ba centrale banakujibu palepale."

"Na bako wapi, hao batu?"

"Mbali, Papa. Mais banaona yote."

"Yote yote?"

"Yote. Hata ukikanyaga frein mubaya."

Nikamuuliza nani mwingine angeona. Akatabasamu, akasema ni mimi tu na mtambo wao, système. Sikuuliza huyo Système ni mtoto wa nani. Abonema, yaani malipo ya kila mwezi, ilikuwa bei ya mbuzi mwenye afya, nami nikakubali kwamba kila mwezi mbuzi mmoja atoke nyumbani kwangu akaishi kwa batu ba centrale, huko kituoni kwao.

Sikukubali kwa ajili ya gari. Nilikubali kwa ajili ya mama yangu.

Mama ni mjane aliyezaliwa Masereka, na sasa anaishi kwangu. Ana ugonjwa wa sukari. Mchana anajidunga sindano, na akishajidunga sharti ale, hapo daktari hakutaka mjadala. Lakini mama ana sheria yake ya zamani kuliko ya daktari: mtoto wake akiwa njiani, yeye hatii kitu mdomoni. Mama yake alifanya hivyo, na mama wa mama yake pia, enzi ambazo watu walishuka Beni kwa miguu. Sahani inaandaliwa, inafunikwa, na inangoja pamoja naye. Mimi nikipiga simu kusema "Mama, nimefika," ndipo anajidunga, ndipo mfuniko unatoka.

Tatizo ni kwamba njia ya Beni haijui saa ya kula. Kuna matope, kuna vizuizi, kuna askari wanaotaka kujua habari za afya yako na za mfuko wako. Kisha kuna ile sehemu ya msituni ambayo hatupendi kuitaja, ambako hakuna réseau ya simu na ambako kila dereva huacha ghafla kupiga soga. Kabla ya sehemu hiyo kuna kilima cha mwisho ambapo simu inashika. Basi mimi, kwa miaka, nilikuwa nikisimama juu ya kilima kile na kumpigia mama. Nilimwambia nimefika Beni, watu wote wazima, jua kali. Alikula kwa wakati, na mimi nikaingia msituni nikiwa nimeshafika.

Dhamiri ilinisumbua kidogo. Mimi ni mtu wa kanisa. Muuzaji mwenye tai alipoonyesha kwamba tone linaweza kuonekana kwenye simu ya mtu yeyote mwenye code, niliona Bwana amenifungulia mlango wa kuacha uongo. Mama angeona safari kwa macho yake, roho yake ingetulia, angekula.

Hapo nikafanya kosa ambalo sidhani kama wenye kampuni waliliwazia. Mama ni kiongozi wa kikundi cha maombi cha bamama wa kanisa letu, na kwetu mtu akisafiri anaombewa. Bamama walipoliona tone, walilia kwa furaha. Miaka yote walikuwa wakiomba kwa kukisia, sasa wangeomba kwa uhakika! Waliitaka code, na mimi ningewanyimaje watu wanaoniombea? Nikaigawa. Mimi niliyekuwa nikimficha mke wangu siku ya safari, sasa nilisindikizwa na kikundi kizima, kilima kwa kilima.

Mwanzoni nilifurahi. Sikupiga tena simu, kwa nini nipige na wananiona? Kisha nikaanza kurudi Butembo na kukutana na maswali. Kwa nini nilisimama muda mrefu vile pembeni ya bar, pale Beni? Nilieleza kwamba ni kwa fundi wa matairi, na fundi yuko pembeni ya bar. Wakasema wanaelewa, na juma lile wakafunga kwa ajili yangu. Jumapili moja tone lilionekana kwenye uwanja wa parokia ya Wakatoliki, na mzee wa kanisa akaja kunitembelea bila sababu yoyote, akazungumza sana kuhusu uthabiti. Nilikuwa nimepeleka mabati.

Kitufe chekundu nacho nilikigusa kwa bahati mbaya nikijifuta jasho. Sauti ya mwanamke ikanijia ndani ya gari, Kifaransa kisafi, ikaniuliza: "Monsieur, êtes-vous en sécurité?" Alitaka kujua kama niko salama. Ni swali ambalo mtu wa kwetu hawezi kulijibu haraka hivyo. Nikamwambia kwa sasa naona ndiyo. Akaniuliza jina la barabara na namba ya nyumba iliyo karibu. Nilitazama kushoto nikaona migomba, nikatazama kulia nikaona migomba mingine, nikamshukuru kwa moyo wake mwema.

Yote hayo nilikuwa nayasimulia dukani watu wanavunjika mbavu. Mpaka siku ile.

Niliondoka asubuhi, njia nzuri isivyo kawaida. Mama, nyumbani, aliona tone linateremka vizuri. Alipoona limekipita kile kilima cha mwisho akahesabu kwamba bado kidogo tu, akajidunga sindano kabisa ili nikifika ale palepale. Kisha tone likasimama. Lilisimama mwanzoni mwa sehemu ile isiyotajwa, ambapo siku zote lilikuwa likisimama kidogo kisha likaruka upande wa pili, na siku ile halikuruka.

Mimi sikuwa na habari. Lori la mbao lilikuwa limezama kwenye matope mbele yetu, magari yamepanga foleni, na mama mmoja wa kijiji akaja kutuuzia mahindi ya kuchoma. Nilikula mahindi nimeegemea gari, nikicheka na madereva. Kwa kuwa hakuna réseau, tone lilibaki pale liliposhika mtandao mara ya mwisho, na simu yangu haikuita. Bamama walikusanyika sebuleni kwangu. Mke wangu alimsihi mama ale. Alijibu kwamba hawezi kumeza chakula na mtoto wake amesimama pale.

Nilipoingia Beni simu ilianza kutetemeka kama kuku aliyekatwa shingo. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa centrale: gari langu lilikuwa limesimama kwa muda usio wa kawaida, na ningeweza kupata huduma bora zaidi nikiongeza malipo. Uliofuata ulikuwa wa mke wangu. Mama ameanguka. Sukari imeshuka, yuko kituo cha afya, hajazinduka.

Sikupakua hata bati moja. Nikageuza gari. Njia nzima nililia, tena kwa sauti, na naamini kama ule mtambo ungekuwa na alama ya kuonyesha dereva analia, bamama wote wangeiona. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa katika msitu ule. Nilikuwa nimelipa kila mwezi ili yule anayelindwa awe mimi, na aliyeanguka alikuwa ameketi nyumbani kwenye kiti chake.

Nilimkuta amefumbua macho, dripu ya serum mkononi, amekasirika kwa sababu walimvua kitambaa cha kichwa. Nikapiga magoti. Nikamwambia yote: kilima, simu, miaka ya "nimefika" wakati sijafika. Nikamwambia nilitaka kuacha kumdanganya na tazama nilichofanya.

Alinitazama kama mtu anayesikiliza habari za jana.

"Mutoto yangu, ile miye najuaka toka zamani."

"Ulijua?"

"Moteri ilikuwaka inalia mu simu. Batu ba Beni bote banaishi ndani ya gari?"

"Na ulikuwaka unakula?"

"Nilikuwaka nakula. Mutu mwenye kufa hapana danganya mama yake. Ukinidanganya, najua uko muzima." Akafunga macho kidogo. "Ile katone yako iko na ukweli, mais hapana sema kitu. Miye nilitaka sauti."

Nilirudi kwenye bureau kuvunja mkataba. Muuzaji mwenye tai alinisikiliza kwa huruma ya kweli, kisha akanieleza kwamba abonema ni ya mwaka mzima na kwamba hata kiboksi kikitolewa, mbuzi wataendelea kwenda. Kwa hiyo kiboksi kipo. Nilibadilisha code, bamama wakanuna, sasa wanaomba tena macho yamefumbwa. Wenzangu sokoni wakiniuliza kama kitu kile kinafaa, nawaambia kwamba gari likiibiwa labda kitafaa, na kwamba kabla ya kutia sahihi wafikirie nani anawangoja nyumbani. Wanadhani nakwepa swali.

Juzi nilisimama tena juu ya kilima cha mwisho. Najua Système, popote alipo, aliona. Sikuzima gari, niliacha moteri ilie makusudi, nikapiga.

"Mama, nimefika."

"Beni iko namna gani?"

Lori likapita karibu yangu likipiga honi kwa nguvu zote.

"Iko muzuri, Mama. Kimya tu."

"Wasingya, mutoto yangu," akasema, kwa Kinande, kunishukuru.

Sikukata simu. Nilingoja mpaka nikasikia mfuniko wa sahani ukiwekwa mezani, ndipo nikaingiza gia.